Bi Sindano Anajibu: Kijana wa Nanyuki, Ngafu Modo na Asali ya Papunya

Mwangaluka, wasomaji. Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu sanduku la santuri alilotuachia mtaalamu mmoja wa tumbaku kutoka Australia mwaka 1979. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimetoka Kigoma, Urambo, Nzega, na moja imeletwa kwa mkono hapa Kanyenye, Tabora, na kijana aliyedhani nachoma sindano za malaria. Basi tuelewane: sindano yangu ni ya gramafoni. Marehemu baba alikuwa gadi wa reli, na alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza redio. Mimi ndiye niliyekuwa nashika taa na kutafuta skrubu zilizodondoka. Yule Mzungu alikosa fedha ya kulipia amplifaya yake, akatuachia santuri 31 akaenda zake. Mama alipoona zile sahani nyeusi akauliza, "Na ugali wake uko wapi?"

*

*Shikamoo Bi Sindano. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini hapa Kigoma. Kwenye kabati lake nimekuta santuri kubwa ya bendi inaitwa The Saints. Jaladani kuna vijana wanne wamesimama ndani ya nyumba mbovu, ukutani pameandikwa "(I'm) Stranded". Rafiki yangu amesoma mtandaoni kwamba inauzwa mamilioni. Niuze? — Mjukuu wa Babu, Mwanga, Kigoma*

Marahaba, mjukuu. Rafiki yako kasoma nusu, nusu iliyobaki ndiyo yenye fedha.

Kuna santuri mbili zenye jina hilo. Uliyonayo wewe ni ile kubwa ya mwaka 1977, iliyotolewa na kampuni ya EMI. Ni santuri nzuri, lakini haijawahi kuadimika. Inayowatoa wakusanyaji jasho ni ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika, upande wa pili ina wimbo "No Time", na lebo yake imeandikwa Fatal. Hiyo waliitoa vijana wenyewe mwezi Septemba 1976, nakala 500 tu. Hakuna kampuni pale Brisbane iliyowataka, wakachanga wakafyatua wenyewe, na 500 ndiyo hesabu ambayo mifuko yao iliweza kubeba. Ukisikia watu wakisema "adimu" wanadhani santuri ilifichwa kwa kuwa ni tamu sana. Mara nyingi iliadimika kwa sababu siku ile wenyewe hawakuwa na nauli ya kuizungusha.

Wakazituma nakala kwa posta. Moja ikafika London kwenye gazeti la muziki la Sounds, na mwandishi wake akaandika kwamba hiyo ndiyo santuri ya wiki hii na ya kila wiki. Hapo sasa EMI ya London ikawaagiza wenzao wa Sydney: watafuteni hao vijana, wasainishwe. Angalia tarehe pia. Bendi za London zinazosifiwa kuwa ndizo zilizoanzisha muziki ule wa panki, The Damned na Sex Pistols, santuri zao za kwanza zilitoka Oktoba na Novemba mwaka huohuo. Vijana wa Brisbane, mji ambao hata Wasydney waliucheka kuwa ni shamba, walikwishatangulia.

Sasa nikupe jambo ambalo rafiki yako hakulisoma. Mwimbaji wao, Chris Bailey, yule mwenye sauti kama mtu anayedai deni lake mlangoni, alizaliwa Nanyuki, Kenya, mwaka 1956. Ndiyo, Nanyuki hii hii, chini ya Mlima Kenya. Wazazi wake walikuwa watu wa Ireland ya Kaskazini. Akalelewa Belfast, kisha familia ikahamia Brisbane akiwa bado mtoto. Mpiga gitaa wake, Ed Kuepper, alizaliwa Ujerumani. Bailey alifariki Aprili 2022. Nilipoisikia habari hiyo niliipiga santuri yangu mara mbili, mara ya pili nikiwa na hasira kwamba redio zetu zote za Afrika Mashariki hazikusema hata neno kuhusu mtoto wa Nanyuki.

Kwa hiyo, usiuze. Na kama kwenye kabati la babu kuna na ndogo yenye lebo ya Fatal, usimwambie mtu. Panda treni uje nayo Tabora uione siku nzima nikiwa nimenyamaza, jambo ambalo ni adimu kuliko santuri yenyewe.

*

*Bi Sindano, mume wangu anasafisha santuri kwa mafuta ya taa, anasema zinang'aa. Ni sawa? — Mama wa Nzega*

Mnyang'anye kibatari na mafuta yake. Chukua maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Futa ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, na karatasi ya lebo isiloe. Suuza, kausha kivulini.

Kivulini nimesema. Kwenye lile sanduku kulikuwa na santuri ya bendi ya Sydney inaitwa Buffalo, jina lake "Volcanic Rock", ya mwaka 1973. Lebo yake ilikuwa Vertigo, ile yenye mizunguko myeusi na myeupe ambayo ikianza kuzunguka inakupa kizunguzungu kabla gitaa halijaanza. Redio za kwao ziliukwepa muziki huo mzito. Siku hizi wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi mchana. Yangu niliianika dirishani Oktoba 1986, jua la Tabora mnalijua, nikaenda kuchota maji Cheyo. Niliporudi ilikuwa chapati. Sikumwambia baba hadi Krismasi.

*

*Assalaam alaikum. Mwanangu ameweka kwenye simu wimbo wa kikundi cha Australia, watu wanasikika kama wanaongea na mashetani. Jina lenyewe halisomeki: "H'tuom Tuhs". Nimeogopa. Ni lugha gani hiyo? — Mama Mtoto, Ujiji*

Waalaikum salaam, dada yangu. Hebu kumbuka utotoni. Pale Ujiji hamkuwa mnaongea kinyume ili wakubwa wasielewe? Unamwambia mwenzako "ngafu modo", naye anafunga domo.

Basi wametuigiza. Hao ni The Missing Links, wa Sydney, mwaka 1965. Walirekodi wimbo wa Bo Diddley, Mmarekani, ambao kwa ufupi unamwambia mama afunge mdomo wake mkubwa. Kisha wakauchukua utepe uleule wakaupiga kutoka mwisho kwenda mwanzo, na huo ukelele uliotoka wakautoa kuwa santuri. Jina nalo wakaligeuza kila neno peke yake. Jaribu kusoma kila neno kutoka kulia: "Mouth Shut", mdomo umefungwa. Umeona? Ngafu modo.

Fikiria ujasiri huo. Mwaka 1965 vijana wengine wote pale walikuwa wanashona suti zifanane na za Beatles, hawa wanampelekea mwenye kampuni wimbo uliopinduliwa. Albamu yao ilitolewa na Philips mwisho wa mwaka uleule, na mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Hawakupata hata kikombe cha chai. Lakini santuri ina miguu: mwaka 1977 walewale The Saints wa Mjukuu wa Babu waliurudia wimbo wao mmoja, "Wild About You", na vijana wengi ndipo walipouliza kwa mara ya kwanza hao Missing Links ni akina nani.

Mashetani hakuna. Mwache mtoto asikilize, ila sauti apunguze wakati wa adhana.

*

*Bi Sindano, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1969 shuleni kwetu alikuwapo mwalimu wa hisabati raia wa Australia. Alikuwa na santuri ndogo moja aliyoipiga kila Alhamisi jioni, wimbo unaohesabu siku za wiki moja moja mpaka Ijumaa. Gitaa lake linaanza kama mtu anayekimbilia basi. Nimeutafuta miaka hamsini. — Mwalimu, Urambo*

Shikamoo, Mwalimu. Utafutaji umekwisha. Wimbo ni "Friday on My Mind", bendi ni The Easybeats, mwaka 1966. Ninao, ni namba nne kwenye sanduku, lebo ya Parlophone, una mkwaruzo mahali pa Jumatano.

Unamzungumzia mfanyakazi anayeichukia Jumatatu na kuivumilia wiki nzima kwa ajili ya Ijumaa jioni tu. Baba hakuwahi kuupenda. Alisema huyo anayeimba hajawahi kuwa gadi, maana kwake Ijumaa ilikuwa ndiyo siku ya kupanda treni ya Mpanda na kulala Kaliua na mbu.

Wimbo wenyewe si adimu. Ulikuwa wa kwanza Australia, Uingereza ukafika namba sita, na David Bowie aliuimba upya mwaka 1973. Kinachonivutia ni wenyewe. Wanaitwa bendi ya Australia, lakini katika wale watano hakuna hata mmoja aliyezaliwa Australia. Stevie Wright mwimbaji alitoka Leeds, Snowy Fleet wa ngoma alitoka Liverpool, George Young Glasgow, na Harry Vanda na Dick Diamonde walikuwa Waholanzi. Bendi ilizaliwa katika hosteli ya wahamiaji ya Villawood, pembeni ya Sydney, ambako serikali ilikuwa inawapokea watu wapya kabla hawajapata nyumba na kazi. Vanda alipofika Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota. Wasomaji wangu wa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua jinsi gitaa moja linavyoweza kuzunguka mabweni yote kabla ya chakula cha jioni.

Na hapa ndipo penye adimu, Mwalimu. George Young alikuwa na wadogo zake wawili nyumbani, Malcolm na Angus. Wakakua, wakaunda bendi yao, nayo ni AC/DC, ambayo hata vijana wa bodaboda hapa stendi wanavaa fulana zake bila kujua ni kitu gani. Santuri yao ndogo ya kwanza ilitoka 1974, "Can I Sit Next to You, Girl", watayarishaji wakiwa ni kaka mtu George na Vanda. Lakini sauti iliyomo si ya Bon Scott ambaye dunia inamjua. Ni ya mtu anaitwa Dave Evans. Miezi michache baadaye Evans akatolewa, Scott akaingia, na mwaka uliofuata wakaurekodi wimbo uleule upya kwa sauti mpya. Ile ya kwanza ikabaki kama picha ya harusi iliyokatwa upande mmoja. Mtu anaimba vizuri tu, hana kosa lolote, na historia imempita kama treni ya mizigo isiyosimama Urambo.

Njoo uusikie. Njoo Alhamisi, kwa heshima ya mwenzako.

*

*Hivi Bee Gees si Waingereza? Kwa nini toleo lililopita uliwataja pamoja na Waaustralia? — Mbishi wa Gungu*

Kwa sababu familia ilihamia Australia mwaka 1958 wakiwa watoto, wakakulia Redcliffe, karibu na Brisbane, na kurudi Uingereza mwanzoni mwa 1967. Albamu yao ya kwanza ni ya 1965, ilitoka hukohuko chini ya lebo ya Leedon, na wakati ule haikuuzika. Watu wamecheza nyimbo zao za disko hapa Tabora mpaka soli zikatoboka, lakini albamu ile wakiiona leo wataipita wakidhani ni kwaya. Nenda kabishane na mwingine.

*

*Bi Sindano, ninakuheshimu, lakini hao wote uliowasifu ni Wazungu. Australia ina wenyeji weusi. Wao hawakurekodi? Au santuri zao ndizo zilizosahauliwa kweli? Halafu, naomba kuazima hilo sanduku kwa wiki moja. — Kijana wa Isevya*

Umenigusa mahali penyewe, kijana. Ni kweli, katika santuri 31 za yule Mzungu hakuna hata moja ya wenyeji. Haya nitakayokueleza nimeyapata kwa masikio, kupitia simu ya mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam, usiku baada ya usiku, mpaka vifurushi vikanila pensheni.

Walikuwapo wa mjini. No Fixed Address wa Adelaide, maana yake wasio na makazi maalumu, walipiga rege huku mwimbaji wao Bart Willoughby akiwa nyuma ya ngoma, anaimba na kupiga kwa wakati mmoja. Jaribu uone kama si adhabu. Wao na wenzao Us Mob waligawana santuri moja mwaka 1981, iliyokwenda pamoja na filamu, "Wrong Side of the Road".

Lakini ninayetaka umjue ni Warumpi Band. Fungua ramani, tafuta Alice Springs katikati kabisa ya Australia, kisha nenda kaskazini-magharibi kiasi cha kilomita 240 kwenye vumbi jekundu. Pale ndipo Papunya. Wenyeji wa pale, wakiwamo ndugu wawili, Sammy na Gordon Butcher, walikutana na Mzungu mmoja mpiga gitaa, Neil Murray, aliyekwenda huko kufanya kazi. Mwimbaji akatoka mbali, kisiwa cha Elcho kaskazini, na lugha ya mama yake haikuwa ile ya Papunya. Alifariki mwaka 2007. Kwa desturi ya wenyeji jina la marehemu halirushwirushwi hovyo, kwa hiyo nami nitaliacha lipumzike.

Mwaka 1983 walitoa santuri ndogo, "Jailanguru Pakarnu". Inahesabiwa kuwa wimbo wa kwanza wa roki kutolewa kwa lugha ya wenyeji wa Australia, Kiluritja. Maana yake ni mtu ametoka jela. Sasa litazame neno la kwanza kwa jicho la Kiswahili. "Jaila" ni jela. "-nguru" ni kiambishi chao chenye maana ya "kutoka". Sisi tulilichukua neno la Mwingereza tukalifanya jela, wao wakalichukua lilelile wakalishona mkia wa Kiluritja. Hakuna kati yetu aliyekuwa nalo kabla yeye hajaja nalo. Nilipoligundua hilo ilikuwa saa saba ya usiku, nikamwamsha mjukuu nimweleze, akasema "Bibi, lala."

Na jina la bendi ndilo litakalokufurahisha wewe mtu wa Tabora. Linatokana na jina la mahali patakatifu karibu na Papunya, penye asili ya sisimizi wa asali. Ni wadudu wa kweli: baadhi yao hujazwa na wenzao utamu wa maua hadi tumbo linavimba kama zabibu, wananing'inia chini ya ardhi kama vibuyu vya akiba. Kina mama wanachimba, wanawatoa, wananyonya. Sisi tunapanda mti wa mninga kuufuata mzinga, wao wanashuka shimoni. Asali ni ileile. Unielewe basi ninavyocheka nikisikia redio ikitangaza kwamba sisi na Waaustralia hatuna cha kuzungumza.

Albamu yao ya 1985 waliiita "Big Name, No Blankets", jina kubwa, blanketi hakuna. Mwanamuziki yeyote wa dansi aliyewahi kulala kwenye benchi la stesheni ya Tabora akisubiri malipo ya jana atakwambia hilo si jina la albamu, hiyo ni barua ya malalamiko. Wimbo mwingine wao, "My Island Home", aliutunga Murray kuhusu kisiwa cha yule mwimbaji, mtu wa maji anayeishi jangwani akiiota bahari. Ulitoka kwenye albamu ya 1987, watu wachache wakausikia. Baadaye dada mmoja mwenye asili ya visiwa vya Torres Strait, Christine Anu, akauimba upya mwaka 1995, na mwaka 2000 akauimba kwenye kufunga Olimpiki za Sydney mbele ya dunia nzima. Watu wa Kigoma mnaofanya kazi Tabora, mkiusikia msiseme sikuwaonya. Mtatafuta tiketi usiku huohuo.

Kwa hiyo swali lako, kijana, jibu ni hivi: walirekodi, na kwa maoni yangu santuri ile ya 1983 ina uzito kuliko zote zilizomo sandukuni kwangu, hata ile ya Nanyuki. Ningetoa santuri zangu kumi niipate hiyo moja, na hizo kumi ningekuachia wewe uzichague, mimi nizililie.

Kuhusu kuazima: hapana. Mwaka 1983 nilimwazima mpiga disko mmoja wa hapa mjini santuri ya bendi ya Daddy Cool wa Melbourne. Nayo si adimu hata kidogo kwao; wimbo wake "Eagle Rock" ulikaa namba moja wiki 10 mwaka 1971. Kwao ilikuwa kila nyumba, Tabora nzima ilikuwa moja. Alinirudishia jalada. Jalada ninalo mpaka leo, limesimama mahali pake, namba kumi na saba, na ndani nimeweka kadibodi lisilegee.

Njoo Jumamosi saa kumi jioni, uje na kiti chako. Mwalimu wa Urambo atakuwa ameshaondoka, na umeme ukikatika tutakula maembe.